Nilivyoingia Kamati ya Ufundi

Sasa nitasimulia mwenyewe, maana naona kila anayesimulia anaongeza chumvi yake, na juzi nimemsikia mtu pale stendi akiwaambia wenzake kwamba nilikutwa golini nimevaa kaniki na tunguri mkononi, jambo ambalo si kweli, nilikuwa nimevaa suruali yangu ya kanisani na sweta la kijani, na mkononi nilikuwa na kijiko cha chai. Aibu niliipata, sikatai. Niliipata mbele ya vyuo viwili, mbele ya paroko wangu, mke wangu na kuku kumi na mmoja, na mpaka leo watu wa mtaa wetu wa Chanji wakipata pancha wanasema, twende kwa Kamati. Jina langu ni Baba Editha, lakini naona hilo limeshakufa.

Mimi ni fundi baiskeli, kibanda changu kiko hapo hapo Chanji, na timu yangu ni ya chuo cha ufundi, inaitwa Nyundo (wanafunzi wa pale wanasoma uashi, useremala, bomba na kuchomelea vyuma, nadhani walikosa jina jingine). Marehemu baba alikuwa mpishi pale chuoni, kwa hiyo mimi nimekulia pembeni ya ule uwanja, na mama alikuwa akisema hatua yangu ya kwanza duniani niliipiga nikifuata mpira uliotoka nje, na kama mnaijua Nyundo mtaelewa kwamba mipira ya kutoka nje ilikuwepo ya kutosha. Nyundo haishindi. Mara ya mwisho wameshinda mechi ya maana Editha wangu alikuwa ananyonya, na sasa Editha ana mtoto anayenyonya. Lakini kila mwaka wanafunzi wapya wakija nawatazama miguu, naona mmoja ana pumzi, mwingine ana shuti, narudi nyumbani namwambia Mama Editha, mwaka huu ni wetu, naye anachukua sufuria anatoka nje.

Mwaka jana akaja mkuu wa chuo mpya, mtu wa pwani, muungwana kabisa, ila baridi ya kwetu ilikuwa imemshinda, hata mwezi wa kumi jua linawaka yeye yuko ndani ya koti. Huyu mkuu akautazama uwanja, akatazama matokeo ya timu, akafanya hesabu ambayo hata mimi, nikiwa mkweli, nisingeweza kuipinga. Akawatangazia wanafunzi kwenye paredi kwamba Jumamosi Nyundo inacheza na chuo cha ualimu hapa nyumbani, na ikifungwa hata hiyo, timu inavunjwa, uwanja unalimwa kabla ya mvua, unapandwa mahindi ya jikoni. Si maneno matupu, trekta lilikuwa limeshaletwa, limeegeshwa nyuma ya bwalo, na plau yake.

Nilipopata habari sikula mchana ule. Nilienda chuoni kuliona hilo trekta kwa macho yangu, na pale getini kwenye ubao wa matangazo nikakuta karatasi imebandikwa. Ilisema kamati ya ufundi ya timu inahitaji mjumbe mmoja kutoka kwa mashabiki wa muda mrefu, na kwamba wenye uwezo wafike ofisini kwa mkuu.

Sikilizeni tena hapo. Kamati ya ufundi. Wenye uwezo. Kuna Mtanzania gani mwenye akili timamu asiyejua kamati ya ufundi ya timu ya mpira inafanya ufundi gani? Hao ndio wanaoingia uwanjani kinyumenyume, ndio wanaomwaga kitu mlangoni wapinzani wakiruka ukuta kukikwepa, hakuna aliyewahi kumwona mtu wa kamati ya ufundi ameshika msumeno. Na tangazo lenyewe limebandikwa wapi? Sumbawanga. Sisi wa huku tumeshazoea, ukisafiri ukataja unakotoka mtu anasogeza kiti chake kidogo, na mwingine anakuomba namba ya simu. Wazee wanasema jina la mji wetu maana yake ni tupa uchawi, yaani ni kama tangazo la kuwaambia watu wauache nje kabla ya kuingia, lakini wageni wanalisoma kinyume, wanadhani ndipo ulipotupwa wote.

Nikaingia ofisini. Mkuu akanipa kiti, akanimiminia chai ya tangawizi, akafunga dirisha.

"Mzee wangu, nimeambiwa hakuna anayeijua timu hii kuliko wewe."

Nikamwambia ni kweli.

"Basi Jumamosi nataka ufundi. Wakati wa mapumziko uniletee ripoti fupi, umewakamata wapi hawa walimu na vijana wetu wapite wapi. Na mambo ya kamati yabaki ndani ya kamati."

Hapo ndipo ningeuliza. Neno moja tu, ufundi upi, Mkuu? Lingekuwa limeisha, leo ningekuwa Baba Editha. Lakini nifikirieni na mimi. Maisha yangu yote nimepiga kelele pembeni ya mstari ule na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuniuliza nina maoni gani, wala kunipa kiti, na leo mkuu mzima amenifungia dirisha. Halafu kukiri mbele ya mtu wa pwani kwamba mimi, Mfipa wa Sumbawanga, sijui chochote kuhusu hayo mambo, niliona kama nitaiangusha wilaya. Na ukweli ni kwamba sijui. Mimi ni mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisani, kwenye kwaya naimba besi, dawa pekee ninayoijua ni ile ya kubandikia viraka. Nikamwambia, "Ndiyo, Mkuu. Hilo niachie mimi."

Siku zilizobaki nilizimaliza nikijipa moyo. Nikajiambia, mtu anayetaka ufundi hataki ufundi, anataka vijana wajue kwamba upo. Nitaweka kitu kisicho na madhara, kitu cha jikoni, nitamnong'oneza mkuu kwamba tayari, mkuu atawanong'oneza vijana, vijana watacheza bila woga, hakuna dhambi hapo (nilishaanza kujitetea mbele ya paroko kichwani kabla hata sijafanya). Niliona ni mpango safi sana.

Jumamosi asubuhi Mama Editha alitangulia uwanjani na karai lake la maandazi na chupa za chai, maana siku za mechi huwa anauza pale. Mimi nikabaki jikoni peke yangu nikichagua uchawi. Majivu nikaona ya kawaida mno. Chumvi, mke wangu angejua. Mwisho nikachota kikombe kimoja cha ulezi kwenye debe, ule ambao haujasagwa, mwekundu mwekundu, nikauona una sura ya kazi. Sasa kitambaa. Kila mtu anajua kitambaa lazima kiwe chekundu, na nyumba nzima chekundu kilikuwa kimoja tu, kitenge kipya cha Mama Editha, chenye picha ya tausi, alichokiweka sandukuni akisubiri sikukuu ya mtakatifu somo wa parokia. Nikakunjua. Nikasema nitakata kipande kidogo tu pembeni, kiganja kimoja, hataona. Nikakata, na nilipokitazama nikakuta nimekata kichwa cha tausi. Kufikia hapo kichwa hakirudi, kwa hiyo nikamimina ulezi, nikakusanya pembe, nikafunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli kwa sababu ndio mikono yangu ilivyozoea kufunga vitu, nikatia kwenye mfuko wa suruali.

Mfuko huo ulikuwa umetoboka. Nilijua umetoboka, mimi mwenyewe huwa natia mle sarafu ya sadaka inatokea kiatuni. Na kitambaa cha kiganja kimoja hakimezi kikombe cha ulezi, mdomo wake haukufunga vizuri. Basi tangu pale getini, nikapita nyumba za walimu wa hapo chuoni, nikapita uani kwa mkuu wa chuo, nikashuka mpaka golini, punje zikawa zinateremka mguuni taratibu, na mimi nikadhani ni jasho la woga.

Goli la kusini ndilo nililichagua, kwa sababu upepo wa mwezi wa kumi unatoka kaskazini na Nyundo tangu enzi za baba yangu wakishinda shilingi wanaomba kuanza na upepo mgongoni, kwa hiyo walimu wangekaa kusini. Nikapiga magoti penye mlingoti wa kulia kama mtu anayefunga kamba za viatu, nikachimba kwa kidole, nikafukia, nikasawazisha. Ndiyo kwanza nainuka nikasikia, "Shikamoo mzee, umepoteza nini?"

Alikuwa Yustini, kipa wetu, kijana wa Milepa anayesoma mambo ya bomba, mrefu, mikono kama ngazi, na ndiye aliyekuwa akifungwa yale magoli yote mnayoyasikia. Alikuja mapema kufanya mazoezi peke yake. Nikamwambia marahaba, nimepoteza kitufe. Na kwa kuwa kalelewa vizuri, akapiga magoti naye akaanza kunitafutia, tukatafuta kitufe kisichokuwepo pale golini mimi na yeye mpaka mgongo ukaniuma. Katikati ya kutafuta akasema bila kuniangalia, "Mzee, wakiulima huu uwanja watasema mimi ndiye niliyeulimisha." Nilitaka kumwambia asijali, nimeshashughulikia, lakini mambo ya kamati yanabaki ndani ya kamati. Nikampiga piga bega, nikaondoka.

Saa tisa uwanja ulikuwa umejaa. Meza kuu ilikuwa na kitambaa cheupe, mkuu wa chuo ndani ya koti lake, mkuu mwenzake wa chuo cha ualimu, na paroko wetu aliyealikwa kufungua kwa sala. Nikasimama mahali pangu pa siku zote. Nyundo wakashinda shilingi, wakaomba upepo, walimu wakaenda kusini, na mimi nikajiona mtaalamu.

Mpira ulipochangamka kidogo nikaona jogoo anatokea kwenye uzio wa mkuu wa chuo, ambako kuku hufunguliwa alasiri tu, kichwa chini, anadonoa, hatua moja, anadonoa, na nyuma yake mitetea kumi kwa mstari, kama watoto wa komunyo ya kwanza. Hawakukosea njia hata kidogo. Wakafuata njia ya punje zangu mpaka golini, wakafika penye mlingoti wa kulia na kuanza kuparua. Kipa wa walimu akawafukuza, wakarudi. Akawarushia soksi, wakarudi. Watu wakacheka, mimi sikucheka, nilikuwa natazama wanaparua wapi. Mara kipa yule akapoteza uvumilivu, akamkamata mtetea mmoja mkubwa akamkumbatia ili akamtupe nje, na wakati huo huo mchomeleaji wetu mmoja, kijana asiye na shuti lolote, akaugusa mpira kutoka mbali, ukaja unajikongoja, kipa anautazama, mikono imejaa kuku, ukampita katikati ya miguu.

Goli. Nyundo moja, walimu sifuri. Nililia, sioni haya kusema nililia, nikamkumbatia mtu ambaye mpaka leo simjui. Halafu machozi yalipokauka nikaanza kujiogopa. Nikatazama mikono yangu. Nikawaza labda imo kwenye damu, labda babu alikuwa nayo hakutuambia, labda hata zile baiskeli ninazotengeneza hazitengenezwi na spana.

Filimbi ya mapumziko ikalia, wachezaji wakatoka, nikasikia shabiki mwenzangu akisema kwa furaha, "Sasa na sisi tukalinde kusini." Jamani. Nimeangalia mpira tangu sijaota meno, nimeangalia mapumziko pengine kuliko nilivyoangalia magoli, na nilikuwa nimesahau kwamba timu hubadilishana upande. Kile kitu nilichokifukia kuufungua mlango wa walimu sasa kilikuwa chini ya miguu ya Yustini. Mtaniambia, lakini si ulikuwa ulezi tu, nami nawajibu, mngekuwa mmeona goli lile msingeniambia hivyo.

Nikaenda kwa Mama Editha nikamwomba kijiko. Akauliza cha nini, nikasema cha chai, akauliza chai iko wapi, nikawa nimeshaondoka. Nilikuwa nusu ya njia kwenda golini, natembea kama mtu anayepunga upepo, ndipo kipaza sauti kikasema mjumbe wa kamati ya ufundi anaombwa afike meza kuu na ripoti yake.

Uwanja mzima ukageuka. Nilishangaa mtu wa siri kama mkuu kutangaza jambo hili kwenye spika, lakini nikajua hali ni ya dharura, nikageuza njia, nikaenda meza kuu na kijiko changu. Mkuu akaniambia haya mzee wangu, kwa kifupi, akainamisha sikio. Mimi nikainama juu ya meza, mdomo wangu ukaja penye kile kipaza sauti alichokuwa amekilaza mshereheshaji katikati ya soda na maua, bila kukizima. Nikanong'ona. Na papo hapo nikaisikia kutoka kwenye spika ya upande wa pili wa uwanja sauti nzuri ya besi ikisema, "Mkuu, nimewakamata goli la kusini, mlingoti wa kulia, kina cha kidole. Ila kuna tatizo dogo, sasa hivi tunahamia sisi pale. Nipe dakika mbili nikafukue." Nikamhurumia yule mtu, kweli kabisa, nikawaza huyu leo kaumbuka. Ilinichukua muda kumtambua.

Nikasikia mafuta ya Mama Editha yanachemka kule pembeni. Mkuu wa chuo alikuwa bado ameinamisha sikio, hajaelewa asimame vipi. Aliyesema ni paroko. Alivua miwani, akaniangalia, akaniita, "Mwenyekiti," basi.

Baada ya hapo ikawa vurugu. Walimu wakagoma. Nahodha wao akasema hawaendi kaskazini wala kusini wala hawaondoki, mpaka kilichofukiwa kifukuliwe na aliyekifukia. Tukaandamana watu wote kwenda golini, mimi mbele na kijiko, kuku nyuma yangu wameshanizoea. Sikuhitaji hata kuchimba, walikuwa wameshamaliza kazi, kifurushi kimekaa wazi juu ya udongo, kimeraruliwa ubavuni, ulezi umebaki kidogo. Nikakiinua. Nikasema kwa sauti kwamba huu ni ulezi tu, wa kula, hauna lolote. Ndipo umati ukaachia njia, akaja Mama Editha, akakichukua kile kitambaa kwenye kiganja changu, akakinyoosha kwa vidole viwili, akakitazama kile kichwa cha tausi, na kichwa cha tausi kikamtazama.

Huwa akikasirika kidogo ananisema kwa Kiswahili, akikasirika sana anahamia Kifipa. Siku ile hakutumia lugha yoyote. Alinimiminia ulezi uliobaki mkononi, akakunja kitambaa akakitia kifuani, akarudi kwenye karai lake.

"Kama ni wa kula," akasema nahodha wa walimu, "ale."

Refa akaona ni jambo la haki. Mkuu wa chuo cha ualimu akaona ni jambo la haki. Nikamtafuta paroko kwa macho, naye akawa anafuta miwani. Kwa hiyo nikala. Sijui kama mmewahi kutafuna ulezi mkavu uliochanganyika na udongo, umati unakutazama shingo uone kama umemeza, punje zinaingia kwenye meno, zinaingia puani, unakohoa zinatoka, na jogoo amesimama mbele yako anasubiri zinazodondoka. Nikamaliza. Nikafungua mdomo refa akaangalia. Yule nahodha alisubiri nianguke, sikuanguka, akaridhika.

Lakini lile lililoniuma, na bado linaniuma, lilikuja baada ya hapo. Refa alikwenda meza kuu, wakashauriana, akarudi katikati akatangaza kwamba goli la Nyundo limefutwa, kwanza kwa sababu kuku si mchezaji, na pili kwa sababu kuku hao walipelekwa. Ushindi ambao nimeusubiri tangu Editha ananyonya, tulikuwa nao mkononi, na mimi ndiye niliyeurudisha. Yule mchomeleaji alikaa chini uwanjani akafunika uso na jezi. Mpaka leo tukikutana njiani anaangalia kwingine, na sina la kumlaumu.

Kipindi cha pili niliambiwa nikae kwenye benchi nyuma ya meza kuu ili nionekane mikono yangu iko wapi. Walimu walipoona sijafa walipata nguvu za ajabu, na upepo sasa ulikuwa mgongoni mwao, wakashambulia kama watu waliotukanwa. Nyuma ya bwalo dereva wa trekta alikuwa ameshapanda kwenye kiti chake, anatazama mpira kutoka kule juu. Na Yustini akaanza kuokoa. Wa kwanza aliupangua, nikasema bahati. Wa pili akaruka kulia, pale pale penye shimo langu, akaudaka kwa mkono mmoja. Wa tatu ulimgonga usoni, damu puani, akaufuta kwa glovu akasimama. Dakika za mwisho walimu wakapata penalti, nikafumba macho, nikasikia kishindo, halafu nikasikia kelele, na nikajua ni zetu kwa sababu hazikuwa na mpangilio. Alikuwa ameulalia mpira, hataki kuuachia, refa akapuliza filimbi ya mwisho akiwa bado ameulalia.

Sifuri kwa sifuri. Mkuu wa chuo alikuja kukaa nami pale kwenye benchi, akatoa karatasi kwenye koti, imechorwa duara na mishale, akaniuliza kwa upole, "Mzee wangu, nilisema ufundi. Mbinu. Nani amkabe nani. Nyinyi huku mnaitaje?" Nikamwambia hata sisi huku tunaita hivyo hivyo. Mabega yake yakaanza kutikisika ndani ya lile koti, na nilifikiri ni baridi kumbe anacheka. Akasema yeye alisema wakifungwa, na hawakufungwa, akanyoosha mkono akamwashiria dereva ashuke kwenye trekta.

Watu walipopungua Yustini alikuja, pamba mbili puani, akakaa pembeni yangu.

"Mzee, niambie kweli. Mle mlikuwa na nini?"

"Ulezi."

"Ulezi tu?"

Nikaona jinsi anavyonitazama, na nikajua jibu lolote jingine lingenipa heshima ambayo sijawahi kupata chuoni pale. Nikamwambia, "Ulezi wa Mama Editha, kikombe kimoja, nao nimeula wote. Kipindi cha pili pale golini hapakuwa na kitu, ulikuwepo wewe."

Akatazama mikono yake, akaigeuza, akaitazama upande wa pili. "Basi ni mimi," akasema. Nikamwambia ndiyo, ni wewe, na nikalia tena, mara ya pili siku moja, safari hii ulezi ukanitoka puani.

Mengine mnayajua. Uenyekiti wa jumuiya nilisimamishwa mpaka Noeli, na besi niliimba kutoka mstari wa nyuma kabisa. Alfajiri ya Jumatatu nilikuta watu watatu kibandani hawana baiskeli, mmoja kafuata ng'ombe aliyepotea, na kila nilivyowaambia sijui kitu ndivyo walivyotikisa vichwa kwa heshima na kusema ndivyo wanavyosema wanaojua. Pale getini mkuu wa chuo amebandika tangazo jipya la kutafuta mjumbe, kamati ya mbinu safari hii, na chini yake kwa kalamu nyekundu kaandika, asije mtu na kitu chochote.

Mimi sitaenda. Nimeapa kwamba tangu sasa mtu akiniambia neno, hata liwe dogo, hata anifungie dirisha na kunimiminia chai, nitamuuliza kwanza ana maana gani, na juzi mteja kaniambia nimwangalizie breki, nikamuuliza niiangalie vipi, akaondoka na baiskeli yake. Mwaka huu nimewatazama miguu wanafunzi wapya, kuna mmoja ana pumzi, na Yustini bado yupo, mwaka huu ni wetu kabisa, ila nyumbani sijasema. Nyumbani siwezi kusema lolote. Sikukuu ya somo wa parokia Mama Editha alikivaa kile kitenge. Nilimwomba nikamtafutie kiraka, akasema hapana, kiko sawa, akatangulia njiani, nami nikamfuata hivyo mpaka kanisani, mbele ya watu wote, nyuma ya tausi asiye na kichwa.